Unacheza U-20 ukiwa na miaka 21? Kisa cha fainali iliyochelewa Ayalandi

Kama ulikuwa Fomu Foo mwaka wa 2020, hii stori unaijua hata kabla sijaianza.

Shule zilifungwa Machi. Ukaambiwa ni wiki chache tu. Wiki zikawa miezi, buti zako zikakaukia chini ya kitanda, na uliporudi darasani Oktoba 12 ukakuta kila mwalimu ana KCSE kichwani. Mpira? Mpira gani? Ile timu yenu ambayo mlikuwa mmeapa itafika kaunti, pengine hata ipite, haikufungwa na mtu. Haikucheza tu. Mwaka uliofuata wewe hukuwa mwanafunzi tena, na jezi yako nambari 7 akapewa mtoi wa Fomu Tuu ambaye hata hakujua ilikuwa ya nani.

Hakuna aliyekuomba msamaha, na kusema kweli hakukuwa na wa kulaumiwa. Corona haikuwa na refa wa kumlalamikia. Lakini kuna swali ambalo limekuwa likinizungukia tangu wakati huo. Mashindano ya vijana yana kitu ambacho ya wakubwa hayana, nacho ni tarehe ya mwisho. Ukipitisha umri, basi. Sasa mashindano yakisimamishwa kwa sababu ambayo si kosa lako, je, umri wako nao unasimamishwa?

Jibu moja nililipata mbali sana, Ayalandi, katika mchezo ambao pengine hujawahi kuutazama hata dakika tano.

Mchezo wenyewe unaitwa hurling. Mara ya kwanza nilipouona kwenye simu nilidhani ni ugomvi wa mtaani uliopewa refa. Wachezaji ni 15 kila upande, uwanja ni mrefu kuliko wa soka, na kila mmoja ana gongo la mbao lenye kichwa bapa, kama la hoki lililonenepa mwisho. Mpira wao huitwa sliotar, ni mdogo wa kuenea kiganjani, umevikwa ngozi, na ukipigwa vizuri unaruka uwanja karibu mzima. Unaweza kuudaka kwa mkono, kuupiga ukiwa hewani, au kukimbia nao ukiwa umetulia juu ya gongo kama yai kwenye kijiko. Jaribu hilo la mwisho huku msee wa kilo 90 akikujia mbio, halafu uniambie.

Milingoti yao ina umbo la herufi H. Ukiupitisha mpira juu ya mwamba, unapata pointi 1. Ukiuingiza wavuni chini yake, hilo ni goli, na goli ni pointi 3. Ndiyo maana matokeo yao huandikwa kwa namna inayochanganya mgeni. Ukiona 2-19, maana yake ni magoli 2 na pointi 19, jumla 25. Shika hiyo hesabu, tutaihitaji.

Jambo la pili la kujua ni kwamba hawalipwi. Hata yule nyota anayejaza uwanja wa Croke Park, wenye nafasi ya watu zaidi ya 82,000, Jumatatu anarudi kazini kama wewe. Na timu si za matajiri, ni za kaunti. Ndiyo, kaunti, kama zetu, ila zao ni 32. Unachezea klabu ya kwenu, na ukiwa moto unaitwa kuchezea kaunti ya kwenu. Hakuna dirisha la uhamisho, hakuna ajenti wa kukupigia simu usiku. Kwa hivyo kijana akipoteza nafasi ya kuvaa jezi ya kaunti katika umri fulani, hawezi kwenda kuitafuta kwingine.

Kaunti yetu leo ni Cork, kusini mwa kisiwa. Unadhani huijui? Bruda Colm O'Connell, yule mwalimu wa jiografia aliyekuja shule ya St Patrick's Iten mwaka wa 1976 bila ujuzi wowote wa riadha, kisha akaja kumlea David Rudisha hadi ile rekodi ya dunia ya 1:40.91 jijini London, anatoka Cork. Kwa hiyo tuna deni kidogo na hao watu.

Cork ni wakubwa wa hurling. Wameshinda taji la wakubwa la Ayalandi yote mara 30. Lakini ukubwa wa zamani haumlishi mtu, muulize shabiki yeyote wa klabu iliyowahi kutamba hapa kwetu. Taji lao la mwisho la wakubwa lilikuwa la 2005. Na upande wa vijana, ambako ndiko timu ya kesho hutoka, hali ilikuwa mbaya hata zaidi. Mara ya mwisho kushinda taji la kitaifa la chini ya miaka 21 ilikuwa 1998. Kwa wale wadogo zaidi, ilikuwa 2001. Mtoto aliyezaliwa Cork mwaka wa 2000 alikua, akapewa gongo, akabalehe, akaota ndevu, bila kuona kaunti yake ikitwaa mojawapo ya mataji hayo mawili ya hurling tangu ajue kutazama mechi.

Na si ati hawakukaribia. Mwaka wa 2018 walifika fainali dhidi ya majirani zao Tipperary, wakawa wanaongoza hadi dakika za mwisho, kisha Jake Morris akatikisa wavu. Tipperary 3-13, Cork 1-16. Piga hesabu, ni 22 kwa 19. Mwaka uliofuata umri ulishushwa kutoka 21 hadi 20, wakakutana na Tipperary tena kwenye fainali ya mkoa wa Munster. Cork walikuwa mbele, muda umeisha, refa anaangalia saa. Unajua nani alifunga goli? Morris. Tipperary 3-15, Cork 2-17. Pointi moja.

Hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu mfumo wa mashindano una maana. Mwaka huo wa 2019 aliyepoteza fainali ya mkoa hakutolewa. Alipewa mlango wa nyuma, acheze nusu fainali ya kitaifa. Cork wakaupitia, wakaitoa Kilkenny, wakajipata fainali mbele ya Tipperary kwa mara nyingine tena. Safari hii hawakusubiri dakika ya mwisho kuumia. Walipigwa magoli mfululizo mechi ikiwa bado changa kabisa, na ikaishia 5-17 kwa 1-18. Kwa hivyo ile nafasi ya pili waliyopewa iliwapeleka kuchapwa mara ya pili na mtu yuleyule.

Mwaka wa 2020 corona ikafunga huo mlango wa nyuma. Hakukuwa na muda wa kurudia chochote. Msimu ulisukumwa hadi mwisho wa mwaka, kwenye baridi na matope, na ukawa mtoano mtupu: ukipoteza mechi moja, unavua jezi na kwenda nyumbani. Bingwa wa Munster kwa bingwa wa Leinster, basi, hiyo ndiyo fainali.

Wewe uliyecheza mashindano ya mtaa au ya shule unajua mtoano unavyobadilisha tumbo la mchezaji. Kwenye ligi ukikosa penalti unaambiwa utarekebisha wiki ijayo. Kwenye mtoano hakuna wiki ijayo. Kuna basi la shule linalorudi kimya, mwalimu ameketi mbele hataki kugeuka, na kila mtu anajifanya amelala.

Desemba 2020, Cork walikutana na nani kwenye fainali ya Munster? Tipperary, bila shaka. Baada ya 2018, baada ya yale mawili ya 2019, sasa ilikuwa mechi moja isiyo na mlango wa nyuma. Vijana wa kocha Pat Ryan wakashinda. Wakawa wamebakiza mechi moja tu, dakika 60, kumaliza ukame wa tangu 1998.

Halafu nchi ikafungwa.

Kuanzia mwisho wa Desemba Ayalandi iliingia katika masharti makali kabisa ya corona. Mazoezi ya pamoja ya timu za kaunti yalipigwa marufuku hadi Aprili 19, 2021. Hebu jione wewe ni beki wa Cork. Una fainali, lakini hujui ni lini. Huwezi kukutana na wenzako. Unapiga mpira kwenye ukuta wa nyumba hadi mama anachoka na ile kelele. Januari inapita. Februari. Machi. Na wewe ulizaliwa mwaka wa 2000, kwa hiyo kalenda ilipogeuka, kwa hesabu ya kawaida, wewe si mtu wa U-20 tena. Msimu mpya wa 2021 unakuja na wadogo zako wanausubiri kwa hamu.

Ingekuwa rahisi sana kuifuta hiyo fainali. Nani angeuliza? Kungetolewa taarifa fupi ya kusikitika, makombe yakabaki kabatini, na maisha yakaendelea. Chama kinachosimamia mchezo huo, GAA, ambacho kilianzishwa 1884, kiliamua tofauti. Msimu wa 2020 ungemalizwa kama msimu wa 2020, kwa umri wa 2020, hata kama utamalizwa mwaka mwingine. Yaani kijana aliyezaliwa Januari 2000 angeruhusiwa kucheza fainali ya U-20 akiwa na miaka 21 na nusu, na hakuna wa kumwita mdanganyifu wa umri. (Najua unachofikiria. Sisi hapa mtu wa miaka 21 kwenye mashindano ya U-20 ni habari ya kawaida, ila kwa sababu nyingine.)

Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu hapa Nairobi tulikuwa na kisa pacha. Mashindano ya riadha ya dunia ya U-20 yalipangiwa Kasarani Julai 2020. Yakaahirishwa mwaka mzima, hadi Agosti 2021. Lakini yalipofanyika, umri ulihesabiwa upya kwa mwaka huo mpya. Mwanariadha aliyezaliwa 2001, ambaye angekimbia Kasarani kama mambo yangeenda kama yalivyopangwa, alikuwa ameshazidi. Hakushindwa na mtu kwenye kona ya mwisho. Alishindwa na kalenda.

Sisemi riadha ilikosea na hurling ikapatia. Mashindano ya dunia yana nchi nyingi, na pengine huwezi kufungua daftari la umri bila vita kuzuka. Halafu kama umri ungebaki wa 2020, labda kuna mdogo mmoja asingepata nafasi, na huyo tutamrudia. Lakini wale wa 2001 walikuwepo, walijiandaa, na nani anawakumbuka? Mimi nadhani walistahili angalau kutajwa.

Basi, Julai 10, 2021, uwanja wa Nowlan Park mjini Kilkenny. Cork dhidi ya Dublin, fainali ya mwaka uliopita. Viwanja bado vilikuwa na masharti ya idadi ya mashabiki, kwa hiyo usipige picha ya bahari ya watu. Piga picha ya vijana waliokuwa wameisubiri saa moja ya mchezo kwa zaidi ya nusu mwaka.

Na Dublin hawakuwa wa kusindikiza. Mji mkuu una watu wengi na pesa za kutosha, lakini katika hurling ya umri huu haujawahi kulinyakua taji hilo la kitaifa tangu lianze mwaka wa 1964, si la U-21 si la U-20. Kwa hiyo uwanjani kulikuwa na njaa mbili: mmoja hajala tangu 1998, mwingine hajawahi kula kabisa.

Ilikwisha 2-19 kwa 1-18. Fanya hesabu uliyofundishwa hapo juu: 25 kwa 21. Tofauti ya pointi 4, yaani goli moja na kitu. Cork mabingwa, wakiwa na watu kama Alan Connolly na Ciarán Joyce, majina ambayo wafuatiliaji wa hurling wanayajua vizuri leo.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niamini kwamba ile fainali ya kuchelewa haikuwa karamu ya kuaga tu. Siku 39 baadaye, Agosti 18, Cork walikuwa tena fainali ya U-20, sasa ya msimu wa 2021 wenyewe, mjini Thurles. Baadhi ya wachezaji walikuwa walewale, wengine wapya. Waliipepeta Galway 4-19 kwa 2-14. Siku tatu baadaye wadogo zao, wa chini ya miaka 17, wakaitandika Galway hiyohiyo 1-23 kwa 0-12. Kaunti iliyokaa miaka 20 bila taji hilo la hurling wala lile la wadogo ikabeba matatu katika wiki 6. Ukame ukivunjika, mvua haiji tone kwa tone.

Kwa bahati tu, ilikuwa wiki ileile ambayo Kasarani ilikuwa inawaka. Kenya ikamaliza juu ya jedwali la medali ikiwa na dhahabu 8, na kijana wa miaka 17 aitwaye Emmanuel Wanyonyi akashinda mita 800 kwa 1:43.76. Huyo ndiye mdogo niliyesema tutamrudia. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki jijini Paris.

Sasa ungetarajia niishie hapo kwa Cork, kwamba vijana walisubiri, wakashinda, wakakua, wakatawala. Hapana, bana. Michezo haifanyi kazi hivyo.

Agosti 22, siku moja tu baada ya wadogo kubeba lao, timu ya wakubwa ya Cork iliingia Croke Park kwa fainali kuu dhidi ya Limerick, mashabiki 40,000 wakiruhusiwa. Kaunti nzima ilikuwa inaelea hewani. Limerick wakawashusha: 3-32 kwa 1-22. Hiyo ni 41 kwa 25. Wiki 6 za sherehe zikazimwa kwa dakika 70.

Pat Ryan akapandishwa kuwa kocha wa wakubwa, akaingia na vijana wake. Mwaka wa 2024 wakafika fainali, wakaenda hadi muda wa ziada na Clare, wakapoteza kwa pointi moja, 3-29 kwa 1-34. Julai 2025 wakarudi tena fainali, na kule ng'ambo ya uwanja nani? Tipperary, jamani. Walienda mapumzikoni wakiongoza kwa pointi 6. Kipindi cha pili chote wakapata pointi 2. Mbili. Ikaisha 3-27 kwa 1-18. Connolly na Joyce, waliokuwa na furaha ile Kilkenny, walikuwa kikosini siku zote mbili. Kombe la U-20 halikuwanunulia tiketi ya lile kubwa.

Kwa hiyo kama unauliza fainali ile iliyochelewa iliwapa nini hasa, mimi siwezi kukuonyesha kombe kubwa kabatini. Iliwapa mechi yao. Wewe wa Fomu Foo ya 2020 ndiye utanielewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu wewe hukutaka uhakikishiwe ushindi. Ulitaka kipenga kipulizwe.

Na ndiyo sababu nikiifikiria siku ile ya Julai siwafikirii sana Cork. Wao walikuwa na fainali nyingine baada ya siku 39, na nyingine, na nyingine. Nawafikiria wale wa Dublin waliozaliwa 2000. Walipewa haki yao yote, umri ukashikiliwa, uwanja ukafunguliwa, mechi ikachezwa hadi dakika ya mwisho, na wakapoteza kwa pointi 4. Hapakuwa na mlango wa nyuma, na kwa msimu wa 2021 walikuwa wamezidi umri kweli. Kutoka Kilkenny hadi Dublin ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na jioni ya Julai kule huwa bado na mwanga. Walipanda gari wakarudi nyumbani.